Kasuku Asiyekula Peke Yake

Jirani yetu alipopata safari ya kuhamia Kanada, aligawa vitu vyake asubuhi moja. Godoro alimpa huyu, jiko la makaa akampa yule, na kasuku akamwachia mama yangu. Alikuwa kasuku wa kijivu, mkia mwekundu, mwenye kiburi kama karani. Kwetu Dzaleka, kambi ya wakimbizi huku Malawi, mtu akipata safari kila mmoja hulia, nami nililia, ila nilikuwa na sababu yangu: kinyesi cha yule ndege nani atakisafisha? Tulikuwa tumebaki wawili tu, mama na mimi, kwa hiyo jibu nilikuwa nalo.

Mama alimpokea kama mgeni, na kwa mama mgeni hali peke yake. Kizimba kiliwekwa ukingoni mwa mkeka, mlango wazi, na tulichokula sisi ndicho alichokula yeye: bugali, sombe ya majani ya muhogo inayoogelea kwenye mawese, ndagala, yaani dagaa, wenye chumvi ya kumfufua maiti, hata chai ya sukari kwenye kifuniko cha chupa. Akipewa tonge husema "zikomo", asante ya Kichewa aliyoiokota kwa wauza mkaa wanaopita mlangoni. Mama alicheka mpaka akashika mbavu. Nami nilicheka, nisijifanye mjuzi leo.

Kisha manyoya yakaanza kuanguka, kwanza ya kifuani, halafu ya shingoni. Akawa anakunywa maji kama mtu aliyetoka kulima, anasinzia mchana kutwa, anapokea tonge bila neno. Mama alimfunika kitenge, akamwombea, akamwongezea ndagala ili apate nguvu.

Siku ya kwenda Lilongwe kununua vitambaa vya kushonea, nilimtia kwenye kapu nikampeleka kwa daktari wa mifugo. Daktari alizoea ng'ombe na mbwa wa walinzi, lakini alimshika kwa mikono laini. Aliniuliza ndege anakula nini. Nikaanza kutaja, na nilipofika kwenye chai aliweka kalamu chini. Chumvi ndiyo inayomuua, alisema. Figo zake ni ndogo mno kwa mzigo huo. Apewe maharage yaliyochemshwa mpaka yakalainika, majani ya maboga, karoti, viazi vitamu, na yai la kuchemsha mara mojamoja. Parachichi nisithubutu hata kidogo. Nikauliza kama manyoya yataota tena. Akasema yataota, akiishi.

Nilipita sokoni Tsoka nikanunua karoti na boga, nikarudi nyumbani nimejaa elimu.

Na nilipika vizuri, jamani. Maharage niliyaloweka kutwa nzima, nikamwaga maji yale, nikayachemsha mpaka yakapondeka kwa vidole viwili. Majani ya maboga niliyavua nyuzi, nikayapitisha kwenye maji ya moto kidogo tu, yabaki na rangi yake. Boga nililikata vipande vidogo, ukubwa wa kifungo cha shati. Nikapakua kwenye kisahani kidogo, nikakisogeza kizimbani.

Mama alikitazama. "Hii iko ya nani?"

"Ya kasuku, mama. Njo chakula munganga alisema."

"Na siye?"

"Siye tuko na yetu."

Siku tatu baadaye, nilipokuwa nafagia, nilikuta vichwa vya ndagala chini ya kizimba. Hasira zikanipanda. Nikamwambia mama kwamba anamuua ndege kwa mkono wake mwenyewe. Niliyasema hayo nimesimama, yeye ameketi mkekani, na mpaka leo najuta hata vile nilivyosimama.

Alikunja na kukunjua ncha ya kitenge chake.

"Baba yako alishikwa kifua kikuu, munganga akasema tumutengee byombo," alisema. "Sahani yake, kikombe yake, kijiko yake. Mi nikatii. Siye tunakula huku na batoto, tunacheka, ye iko kule kwa chumba anaangalia ukuta. Siku moja akaniuliza, 'Mama batoto, nilikosa nini?' Akakufa anakula peke yake. Sasa we unaniletea kisahani."

Baba alipokufa, kule Bukavu, Kongo, nilikuwa na miaka sita. Nilichokumbuka ni kikombe cha bati cha bluu tulichokatazwa kukigusa. Sikujua kwamba mama alikuwa bado amekibeba. Niliketi chini kando yake, nikamwomba msamaha, na tukalia wote wawili bila kuoneana aibu.

Kesho yake nilipika kwa mama, kwa kasuku na kwangu kwa pamoja. Maharage, majani, boga, bugali. Chumvi niliifungia kwenye droo ya cherehani. Nikapakua sahani moja kubwa, nikaiweka katikati ya mkeka.

Mama alinawa, akaomba, akachukua haragwe moja akampa ndege. Kisha akatia tonge lake mdomoni. Alitafuna taratibu, akafumba macho, akameza kama anayemeza kidonge.

"Mwanangu," alisema, "hii chakula iko mubaya kabisa."

"Nikuletee chumvi kidogo, pembeni?"

Alimgeukia kasuku. Ndege alikuwa nusu uchi, shingo kama ya kuku aliyenyonyolewa, ameinua mguu mmoja kushika kipande cha boga, anakimega kwa raha zake.

"Acha," mama alisema, akikata tonge la pili. "Atatuona."