Hawa na Kipanya cha Mkono wa Kushoto

Enzi zetu pale Garsen, kipanya cha kompyuta kilikuwa na kitumbo. Ndani yake mlikaa kigololi kizito cha mpira, na vumbi la barabara ya Malindi likishaingia humo, mshale kwenye kioo ulikwama kama ng'ombe topeni. Tulikifungua, tukatoa kigololi, tukakipuliza, tukakisugua kwenye sketi ya shule na kukirudisha. Waambie watoto wa siku hizi kwamba kipanya kilikuwa kikisafishwa tumbo, watacheka hadi wakohoe.

Saiba tuliyoijua, yaani duka la kompyuta za kukodi, ilikuwa ya Kaka Jillo, chumba cha mabati kilichonukia mandazi ya jirani. Jumamosi tulijazana humo kucheza gemu ya kulenga bata. Binamu yangu Hawa, aliyekuja kutoka kijiji cha Wema kukaa kwetu asome, hakuwahi kupata hata unyoya. Vijana waliotoka Tarasaa walimpigia makofi ya kejeli, naye akainamisha kichwa.

Siku moja Kaka Jillo alimtazama, kisha akamuuliza, "Hawa, kalamu unaishika kwa mkono gani?"

"Kushoto," alijibu, kama mtu aliyefumaniwa. Nyumbani mama yangu alikuwa amemkanya: kushoto si adabu, hasa mbele za watu.

Kaka Jillo alihamishia kipanya upande wa pili wa kibodi. Hakikumfaa, kwa kuwa kilipinda kufuata kiganja cha kulia. Akapekua boksi la vikorokoro, akatoa kingine kikuukuu, rangi ya samli, kilicholingana pande zote mbili. Akageuza kazi za vitufe, akasema, "Haya dada, jaribu sasa."

Bata walianguka mmoja baada ya mwingine. Vijana wa Tarasaa wakasogeza benchi karibu kutazama. Hawa alicheka kicheko ambacho sikuwahi kukisikia tangu aje kwetu.

Lakini habari zilitutangulia nyumbani. Mama alitusubiri mlangoni amefura.

"Nilikwambia nini kuhusu huo mkono? Saiba basi!"

Hawa akaangua kilio. Bibi alikuwa akipepeta mchele, akauliza bila kuinua kichwa,

"Huyo kipanya wao analiwa?"

"Haliwi, mama," Mama alimjibu.

"Basi mwache mtoto amshike kwa mkono aliopewa na Mungu."

Mama alijitahidi kushikilia hasira yake, kicheko kikamponyoka. Jumamosi iliyofuata Hawa alitangulia njiani, sisi nyuma tunamkimbilia. Leo ni mwalimu wa kompyuta kule Hola.

Juzi binti yangu Asha alitaka kipanya cha gemu. Alinisomea sifa zake dukani: hakina waya, chepesi, kina vitufe vya pembeni, tena kinawaka rangi kama harusi. Nikamwambia, "Weka kiganja juu yake kwanza, taa baadaye." Akaguna, lakini akaweka, na kile alichokuwa anakililia kikamkataa. Tulichukua kingine kidogo, kilichomwenea kiganjani.

Sasa anacheza chumbani, hedifoni masikioni, na watu asiowajua hata sura. Akishinda, hutabasamu peke yake. Sisi tulibanana benchi moja, jasho kwa jasho. Ukimshinda mwenzio ulimsikia akisonya begani pako, na jua likipungua mlirudi nyumbani pamoja, mkibishana njia nzima.