Bei ya Siri ya Kamera ya Baba

Ninauza vitu vya kale kwenye mnada wa mtandaoni: pasi za mkaa, redio za mbao, saa za ukutani, birika za enameli zilizokuwa zikitolewa kwa wageni wa heshima tu. Watu wa mbali huvigombania. Nyumba yangu ya Igoma imejaa vumbi la koo za watu wengine, na kwa kuwa mimi ni mtu wa kujisifu, niseme wazi kwamba kazi hii naijua.

Nguvu ya muuzaji iko kwenye bei ya siri. Unatangaza bei ndogo ya kuanzia ili watu waingie, halafu pembeni unaweka bei nyingine ambayo hakuna anayeiona. Dau lisipoifikia, mnada unafungwa na kitu kinabaki kwako. Msukuma hahitaji kufundishwa jambo hili. Wakwe watarajiwa wanapokuja kupanga ng'ombe wa mahari, wazee wetu wanaweza kuongea kutwa nzima, na idadi ambayo chini yake binti haondoki wanaijua wao tu.

Mwaka juzi baba aliniita niende kwake Magu. Alikuwa mpiga picha wa mji ule. Harusi, vipaimara na picha za vitambulisho, vyote vilipita kwenye kamera yake ya lenzi mbili, ile ya mfuko wa ngozi. Simu zilimfungia studio, halafu macho nayo yakafifia. Nilimwamkia, akaitikia marahaba huku akiniwekea kamera mapajani. Alitaka niinadishe. Shida ya hela hakuwa nayo.

"Nataka kujua kama bado kuna mtu anaitaka," alisema.

Mimi nilikuwa naitaka. Na niliogopa. Mzee anayeanza kugawa vitu vyake nilimwona anafunga mizigo, na sikuwa tayari aondoke. Lakini kwetu humwambii baba hapana usoni. Basi nikafanya ninachokijua: bei ya kuanzia elfu thelathini, bei ya siri milioni tatu, pesa ambayo hakuna mwenye akili timamu angeitoa. Baba angepata mnada wake, mimi ningebaki na kamera. Nilijiona mjanja sana.

Mnada ulikuwa wa siku saba. Dau la kwanza lilifika kabla sijamaliza chai. Siku ya nne watu kumi na mmoja walikuwa wameingia na dau lilikuwa laki sita. Mmoja aliuliza mara mbili kama lenzi haina ukungu. Kila jioni baba alipiga simu. Ningemtajia laki sita angesema uza, tena angeniagiza nimshukuru mnunuzi. Kwa hiyo nilimwambia watu wanaangalia tu.

"Wanaangalia," alirudia, kisha akauliza kama huku mvua imenyesha.

Siku ya tano nilipita Kirumba kumsalimia shangazi, dada yake baba, anayeuza dagaa sokoni Mwaloni. Nikamsimulia ujanja wangu huku nacheka. Yeye hakucheka. Alichambua dagaa zake kwa muda, ndipo akasema.

"Babu yako alinitajia ng'ombe hamsini kwa sababu hakutaka niondoke nyumbani. Wakaja wachumba watatu, wakarudi. Hakuna aliyesema mzee amekataa. Walisema mimi nina kasoro. Na mimi mwenyewe nikaamini."

Nilimsikia vizuri. Simu ilikuwa mkononi, ningeweza kuishusha ile bei palepale. Lakini mimi ni mbishi tangu utoto, nikajiambia kamera si mwanamwali. Nikanunua kisado cha dagaa nikarudi nyumbani.

Mnada ulifungwa kwenye laki nane. Chini ya picha ya kamera likatokea neno moja: haikuuzwa. Nilimpigia baba nikamsomea neno hilo tu. Akasema basi nimrudishie. Nikaipeleka Jumamosi nikiwa na furaha ya mwizi, nikamwomba aitunze vizuri kwa sababu siku moja itakuwa yangu. Akasema sawa.

Wiki mbili baadaye nilikwenda tena, nikakuta kabati alimokuwa akiiweka kamera liko tupu. Baba alinieleza bila uchungu wowote. Wanunuzi wa vyuma chakavu walikuwa wamepita na mkokoteni, akawapa sufuria zilizotoboka, jembe bovu na kamera. Walining'iniza vyote pamoja kwenye mzani wao. Alisema hakuona sababu ya kuweka kitu ambacho dunia nzima imekiangalia na kukiacha.

Nilikimbia mpaka kwenye uwanja wao. Lori lilikuwa limeondoka na mzigo siku nyingi. Nikarudi, nikaketi sakafuni karibu na kiti chake, nikamweleza yote: bei ya siri, watu kumi na mmoja, laki nane, uongo wangu wa kila jioni. Nilimshikisha simu ingawa nilijua haioni.

"Baba, waliipigania. Mimi ndiye niliyewazuia."

Aliipapasa simu, akanirudishia taratibu.

"Una moyo mzuri, mwanangu," alisema. "Lakini mimi ni mtu mzima. Usinidanganye ili nifurahi."