Kebo ya Mita Tano ya Chilangala

Mdomo mmoja wa mashine, mishahara miwili, na kazi ambayo sijui kama nitabaki nayo: hiyo ndiyo gharama ya jambo hili, na nimeihesabu mara mbili. Ukitaka usiamini, hiari yako. Mimi nimeshachoka kuapa.

Ninapima kebo za minara ya redio, kuanzia Masasi mpaka Newala. Mashine ya kupimia si yangu, ni ya bosi. Ndani ya mdomo wake kuna vidole vya shaba vyembamba kuliko sindano. Konekta, kile kichwa cha kebo, ikija na pini iliyochomoza hata kwa unene wa unywele, ukikaza tu umeshavivunja. Ndiyo maana kila konekta naipima kwa geji kabla ya kuifunga. Mara mbili.

Asubuhi ile Chilangala ukungu ulikuwa umelala kwenye mikorosho, mnara wenyewe naupapasa. Akatokea mzee wa ovaroli, kebo ya mita tano begani. Nikamwamkia shikamoo. Hakuitikia. Akasema anataka kujua kama kebo yake bado nzima. Nikamtajia malipo: kilo mbili za korosho zilizobanguliwa. Akakubali papo hapo. Niambie, Newala hii nani anakubali bei ya kwanza? Ningefunga begi niondoke. Tamaa.

Nikapima pini: imekaa ndani, sawasawa. Nikarudia: sawasawa. Nikashika konekta isizunguke, nikazungusha nati peke yake mpaka spana ikalia tik. Nikatazama kioo cha mashine, kinachosoma kebo mpaka inapoishia. Kebo ya mita tano, na mashine haioni mwisho wake. Mita mia, elfu, inazidi kwenda.

"Baba, ncha ya pili umeifunga wapi?"

"Ninayo mimi," akasema.

Nilipoinua macho hakuwapo. Ncha ya pili ilikuwa mchangani, imekatwa kwa kisu, haina konekta. Nikafungua. Vidole vyote vimevunjika, na pini niliyoipima mara mbili imechomoza, naiona hata bila geji.

Mama Upendo, mwenye mikorosho ile, alinikuta nimekaa chini. Hakushangaa. Aliuliza kitu kimoja: "Alikuitikia?"

Nikasema hapana.

"Na bado ukamfungia? Wenzako wote walimnyima. Yule alianguka kwenye mnara wa zamani, kebo ikiwa mkononi."

Bosi alicheka. Akasema nilipima ncha moja mara mbili, kisha nikafunga nyingine. Nikamwonyesha kebo yenyewe, konekta ni moja tu. Kucheka aliacha, makato hakuacha.

Mdomo mpya umewekwa. Lakini tangu siku ile, kila kebo ninayoifunga mimi haina mwisho. Akiifunga bosi, inasoma vizuri. Amenipa mpaka Ijumaa, zisome au niondoke. Kwa hiyo wewe fundi unayepanda huku, ukimwamkia mtu kwenye ukungu akanyamaza, usimfungie kitu. Na kama uliwahi kumfungia, nakuomba, niambie ulimfunguaje.