Chapati za Zuhura

Nakumbuka asubuhi moja pale Tandika, mwanangu, nilipomkuta Zuhura nyuma ya banda lake la chakula anakula chapati za samli huku machozi yanamtoka. Hakuwa na njaa. Alikuwa anakula kwa makusudi, moja baada ya nyingine, kama mtu anayemeza dawa chungu. Na mimi, niliyemtoa jasho miezi mizima ili mwili ule upungue, nilisimama pale mdomo wazi, kichwa kinataka kupasuka kwa hasira.

Nakusimulia haya kwa kuwa nimesikia nawe unataka kufungua biashara ya kufundisha watu mazoezi. Fulana umeshaichapisha jina, simu ya kupigia picha umeshanunua, wateja bado. Sawa. Kaa hapa nikueleze, maana kazi hiyo naijua, na imenitia mvi kabla ya wakati wake.

Miaka ile ilikuwa ya ruksa, serikali imeruhusu kila mtu afanye biashara. Kiwanda cha nguo nilichofanyia kazi kilipunguza watu, nami nikapunguzwa, na mjini kila mtu alikuwa anafungua kitu: huyu genge, yule mitumba, mwingine banda la video la kuonyesha sinema za mapigano. Sinema hizo ndizo zilizonipa riziki, kwa sababu vijana wakitoka humo wote wanataka vifua. Nilikuwa nimecheza ndondi kidogo ujanani. Nikakodi ua, nikajaza zege kwenye makopo ya rangi, nikayaunganisha kwa bomba la chuma, basi, nikawa Kocha Mbaraka.

Lakini wateja, mwanangu! Mteja wa mazoezi ni mtu anayekulipa umtese, kisha akukasirikie kwa kumtesa. Vijana wananiuliza Jumatatu kama kifua kitakuwa tayari Sikukuu ya Iddi, na Iddi yenyewe ni Alhamisi. Alikuwepo bwana mkubwa mmoja wa Kinondoni, tumbo limemtangulia, kila siku ya zoezi anamtuma dereva wake aje kuniambia bosi ana mkutano. Siku moja nikachoka, nikamwambia dereva, haya, ruka kamba wewe badala yake. Akaruka, na wiki iliyofuata akaruka tena. Yule dereva alipendeza kwelikweli, bosi akabaki na tumbo lake.

Zuhura hakuwa wa namna hiyo. Alikuwa mama wa watoto watatu, mumewe alishafariki kwa ajali, na banda lake lilikuwa jirani na gereji. Mafundi walikuwa wanaacha gari limefunguliwa tumbo wazi ili wauwahi wali wake wa nazi. Alikuwa mnene, unene wa kusifiwa, na mtaa ulimheshimu kwa unene huo, kwani mpishi mwembamba nani amwamini? Ila daktari alimpima presha akamwambia apunguze mwili upesi. Mama yake aliangushwa na presha hiyohiyo akiwa anachambua mchele, hakuamka tena. Kwa hiyo Zuhura alikuja kwangu na hofu ya kweli, na sharti moja tu: asijue mtu. Mtu mzima kama yeye aonekane anaruka kamba kwenye ua wa vijana wasiovaa mashati, uso wake angeuweka wapi?

Nikakubali bila kufikiri. Akawa anakuja baada ya swala ya alfajiri, kajitanda kanga mpaka machoni, anafanya zoezi, anaondoka kabla vijana hawajafika. Bidii yake sijaiona kwa mwanamume yeyote. Mwili ukapungua, presha ikashuka, daktari akamsifu. Nami nikavimba kichwa kana kwamba niliyeruka kamba ni mimi.

Hapo ndipo mtaa ulipoanza kazi yake. Wewe hukuwepo, mwanangu. Miaka ile tulikuwa tunazika. Mtu akipungua mwili, hakuna aliyeuliza anakula nini wala anafanya nini; watu walitazamana tu, kisha wakanong'ona kwamba fulani kakanyaga miwaya, yaani ana ukimwi. Zuhura akaanza kuona wali unabaki sufuriani. Mafundi wakawa wanapita upande wa pili wa barabara, wanamsalimu kwa upole mno, upole wa msibani. Lisemwalo lipo, walisema, na kama halipo laja. Na hata angekuwa mgonjwa kweli, wali wake ulikuwa na kosa gani? Hilo hakuna aliyejiuliza, na mpaka leo nikilikumbuka linanikera.

Sasa sikiliza nilivyolikoroga. Nilikuwa kwa kinyozi, nusu ya kichwa imenyolewa, nikasikia mtu analitaja jina la Zuhura kwa sauti ile ya chini. Nikaruka kutoka kitini.

"Zuhura haumwi!" nikafoka. "Mimi ndiye niliyempunguza! Anakuja kwangu kila alfajiri, peke yake!"

 Kisha mmoja wa waliokuwa wanasubiri zamu akatikisa kichwa taratibu. "Masikini," akasema. "Kumbe na Kocha naye."

Basi. Vijana wakaanza kuadimika uani kwangu. Waliobaki walikuwa wakinifuata nyuma na kitambaa, nikishalishika bomba wanalifuta. Nami nusu ya kichwa ilikuwa bado na nywele, maana yule kinyozi hakutaka tena kunigusa kwa wembe wake. Ulimi hauna mfupa, mwanangu, lakini wangu siku ile ulinivunja mbavu.

Ni katika siku hizo ndipo nilipomkuta na zile chapati.

"Zuhura, unafanya nini?"

"Nanenepa," akajibu. "Si wanataka unene? Nawapa unene."

"Na presha je?"

"Presha itaniua siku moja, Kocha. Hawa wananiua kila siku mchana. Wanangu wanakula kwa banda hili, mie sina pengine."

Badala ya kukaa chini nimsikilize, nilimfokea. Nikamwambia hana shukrani, ameiharibu kazi yangu. Kazi yangu! Nikamnyang'anya chapati nikaitupa kwa kuku, naye wala hakubishana, akachukua nyingine. Nikaondoka nikiwa na hasira na Zuhura, na mafundi, na kinyozi, na daktari, na kuku wenyewe.

Jioni Bi Tatu akaniita. Huyu alikuwa shangazi yake Zuhura, Mzaramo wa palepale, mwanamke mfupi wa sauti kubwa, na kazi yake ilikuwa ukungwi. Nusu ya wanawake wa mtaa ule aliwafunda yeye. Mtu hakatai wito, hukataa aitiwalo. Nikaenda.

"Shikamoo, bibi."

Hakuitikia. Kwa watu wa pwani hilo ni kofi.

"We mtoto," akasema, "mwali anawekwa ndani, analishwa, anafundwa, ananawiri. Siku ya kutoka anatokaje?"

"Kwa ngoma, bibi."

"Kwa nini kwa ngoma? Si afungue mlango tu aende zake kisimani?"

Hakungoja nijibu.

"Anatolewa kwa ngoma ili kila mwenye macho ajue alikuwa wapi na alikuwa anafanya nini. Wewe umemweka mwanangu ndani, ametoka na mwili mwingine, kisha umemrudisha mtaani kimyakimya kama mwizi anayerudisha kuku. Watu wangesema nini?"

"Nilitangaza, bibi. Kwa kinyozi."

"Ngoma ya mwali uipige wewe, uicheze wewe, tena kwa kinyozi! Mwenyewe ulimuuliza?"

Sikuwa nimemuuliza. Nilitazama chini, nikaona vidole vyangu vya miguu kana kwamba ni vya mtu mwingine. 

"Marahaba," akasema hatimaye. "Sasa nenda. Na hiyo kamba yako uiweke tayari."

Zuhura alikataa katakata kuruka kamba mbele ya watu. Alisema afadhali afe mnene kuliko achekwe. Bi Tatu akamwambia, nami nikiwa nimekaa kibarazani nasikia: "Mficha maradhi kifo humuumbua. Wewe unaficha uzima, mwanangu, sijapata kuona. Chagua: wakucheke, au wakuzike." Kisha akamwacha, hakumbembeleza tena. Zuhura alilia, akanyamaza, akalia tena. Jumamosi yake akamtuma mwanawe aje kuniambia nilete kamba bandani, tena mchana, mafundi wakiwa wanapumzika.

Nikaja. Jua linawaka. Zuhura akatokea amevaa suruali ya michezo ya mitumba ndani ya gauni, raba miguuni, kilemba kimekazwa. Nikataka kusema neno la utangulizi, Bi Tatu akanitazama, nikalimeza. Mabibi wenzake wakaanza kupiga ngoma na vigelegele, na Zuhura akaanza kuruka.

Mtaa ulicheka, mwanangu. Ulicheka mpaka watu wakashikana mabega. Fundi mkuu wa gereji, jibaba la haja, akapiga kelele, "Dada Zuhura, utajiua!"

"Nilikuwa nakufa kwa presha, sasa ndo napona!" Zuhura akajibu, kamba haisimami. "Alfajiri zote nilikuwa kwa Kocha naruka hivihivi, mkadhani nini? Njoo na wewe na tumbo lako hilo!"

Wenzake wakamsukuma. Akaruka kidogo, akakaa chini anahema, na Zuhura bado anaruka. Hapo kicheko kikabadilika. Hakikuwa tena kile cha kumcheka mtu.

Wali haukuisha siku ile, nisikudanganye. Wapo waliohama na hawakurudi kamwe. Lakini yule fundi alijikokota bandani, akakaa kwenye benchi la mbele, akala sahani mbili huku anamtazama kila apitaye usoni. 

Baada ya hapo wanawake walikuja kwangu, tena mchana kweupe, nao walinichosha, Mungu anisamehe. Huyu anataka tumbo liondoke ila makalio yabaki, kana kwamba mimi ni fundi cherehani.

Basi nasaha yangu ni hii, mwanangu. Mwili unaoufundisha una mwenyewe, na mwenyewe ana mtaa. Kabla hujamtoa mtu jasho, muulize akirudi kwao nani atamtazama, na atasema nini. Hizo picha za wateja unazotaka kuwaonyesha watu, za alivyokuwa na alivyo, usiguse hata moja kabla mwenyewe hajakuambia piga. Ngoma ni ya mwali. Na mteja akiacha zoezi, usimfokee ukadhani amekukosea wewe. Nenda kwake, ukae chini, umuulize chapati hizo anazila kwa nini.

Zuhura yupo mpaka leo, ana wajukuu, na akiniona ananiuliza tumbo hili nimelitoa wapi. Nenda, mwanangu. Mungu akupe wateja wenye bidii, na akikunyima hao, akupe subira. Na siku utakayokosea, akujalie bibi wa kukunyima marahaba mpaka uelewe, kisha akuitikie.