Komeo la Mama

Kishikio cha mlango wa jikoni kimeng'oka tena, mara ya tatu mwezi huu! Mke wangu anasema ninunue kipya. Mimi nimeshika waya, na harufu ya kutu kiganjani ni ileile ya mlango wa nyumba yetu ya utotoni kule Runazi.

Ule nao ulifungwa kwa waya, uliozungushwa kwenye msumari. Ncha yake ilituchoma vidole kila tulipotoka. Mama akidai komeo, baba alijibu lilelile: "Hapa ukimbizini tunapita tu. Siku yoyote tunarudi Burundi."

Siku moja mama alirudi kutoka sokoni Biharamulo na komeo jipya, akalitupa mapajani mwa baba.

"Baba watoto, migomba uliyoipanda imezaa mara ngapi? Wanao wanne nimewazalia humu. Unapita kwenda wapi?"

Mama akalichukua, akaligongomea mlangoni mwenyewe kwa jiwe. Lilikaa upande. Baba akatoka nje, na mama akalisukuma komeo nyuma yake.

Tulisubiri. Kisha baba, ambaye hakuwahi kubisha mlango ule, akapiga hodi.

"Karibu kwako," mama akamjibu, bado amekasirika. "Na ufute miguu."