Jiko la Hema na Mafuta ya Papa

Mpaka leo nikipita panapouzwa mafuta ya papa, mimi huvuka upande wa pili wa njia. Nami si mtu wa kuchukizwa ovyo. Nimezibua mabomba ya vyoo vya nyumba za Mji wa Kale wa Mombasa kwa mikono hii, nikanawa, nikakaa kibarazani nikala mkate wa mofa. Lakini harufu ile imenishinda.

Shule niliacha darasa la tano. Sikuwa na baba wa kunishika mkono wala mjomba wa kunifungulia duka. Nilianza kwa kukata mikebe ya watu nikiigeuza vibatari, na leo nina karakana yangu karibu na Tononoka, mashine mbili za kuchomea chuma, na nyumba niliyoinunua mwenyewe nyuma ya Ndia Kuu. Vijana wenye vyeti vya vyuo huja kuniuliza namna ya kukunja bati lisipasuke. Nawaonyesha mara moja, hawaoni, nawaonyesha tena.

Basi akaja bwana mmoja wa bara, karani wa bandarini anayekaa Ganjoni. Ulikuwa mwezi wa joto, jasho limenifika mpaka kwenye soksi.

"Fundi, nataka jiko la kuni. Si la kupikia. La kupasha hema joto."

"Hema lipashwe joto? Bwana, hapa kazi hiyo Mungu anaifanya bure."

"Si hapa. Ni kwetu, juu mlimani. Kule ukiacha ndoo nje, asubuhi unavunja maji kwa jiwe."

Akakaa kwenye kibao akanieleza. Baba yake ujanani alifanya kazi kwa Wazungu waliokuwa wakiwinda huko juu, kabla serikali haijapiga uwindaji marufuku. Kazi yake ilikuwa kuni: kuzipasua, na kulilisha jiko lililokuwa ndani ya hema ili mabwana walale kwenye joto. Yeye mwenyewe alilala nje, chini ya kipande cha turubai, pamoja na ngozi mbichi za wanyama. Wazungu walipoondoka walimwachia hema na kitanda chake. Jiko likaliwa na kutu. Sasa mzee amepita miaka themanini, kifua chake kibovu, na ana haja moja tu: alale ndani ya hema lile usiku mmoja, kitandani, moto ukiwaka, mtu mwingine akitia kuni.

"Daktari amenikubalia kwa shingo upande," karani akasema. "Jiko likikataa kuwaka, au likamtia moshi, namshusha saa hiyohiyo. Na akishuka hatapanda tena."

"Kwangu hakikatai kitu," nikamwambia.

Na kweli, lilikuwa kazi. Nililikata kutoka bati nene la pipa, nikalitia miguu minne ya kukunja na mlango wa bawaba usioacha hata upenyo wa wembe. Bomba lilikuwa vipande vitano vinavyoingiana, lina kibati ndani cha kugeuza ili kuupunguza moto, na juu kabisa wavu wa kukamata cheche zisije zikaunguza turubai. Sikupewa mchoro na mtu. Nilifumba macho nikaliona.

Kisha nikalipaka mafuta ya papa.

Ni lazima nieleze. Sisi hapa kisiwani adui yetu ni chumvi. Acha bati tupu karakanani, wiki mbili tu limeota upele mwekundu. Mwalimu wangu wa kazi alinifundisha kulipaka mafuta ya papa, kama zinavyopakwa mbao za vyombo vya baharini, nami sijawahi kurudishiwa kazi kwa sababu ya kutu. Makasha napaka, makomeo napaka, majiko ya makaa napaka. Na jiko la makaa halina taabu. Mwenye kulinunua huliwasha mara ya kwanza uchochoroni, upepo unachukua uvundo wote unawapelekea majirani, mambo yamekwisha. Hili la karani lilikuwa likae kwangu mwezi mzima kabla ya safari, kwa hivyo nikalipaka mara tatu, ndani na nje, na bomba pia.

Siku moja nililibeba nyumbani nikalitie msasa miguu. Mama watoto akasimama mlangoni ameziba pua kwa mtandio.

"Kuna papa amekufia humo ndani?"

"Ni dawa ya kutu."

"Basi kalale nayo hukohuko karakanani. Humu haiingii."

Karani alipokuja kulichukua aliniuliza, "Umelijaribu?"

"Nilijaribu vipi, bwana? Niwashe jiko la kupasha joto Mombasa, watu waseme nimerukwa na akili?"

Akacheka, nami nikacheka. Nikamwambia nitakwenda nalo mwenyewe, maana kupitisha bomba la moto kwenye turubai si kazi ya kumwachia karani.

Tulifika huko juu alasiri, karani na baba yake na mimi, ndani ya gari la kuazima lililosheheni kuni. Mahali penyewe ni majani makavu na mawe, hakuna mti unaonipita urefu. Nilivaa kanzu, sweta na makoti mawili, na meno bado yakagongana. Hatua kumi nahema kama niliyepanda ghorofa nane.

Hema tulipolikunjua nilirudi nyuma. Miaka yote lilikuwa ghalani pamoja na mbuzi. Lilinuka mkojo wa panya, mafuta ya kondoo, ukungu, na mahali fulani palikuwa na doa jeusi ambalo sikuuliza ni la nini. Nikasema moyoni, hawa Wazungu walilipia pesa kulala humu.

Tulipolisimamisha, nikaliweka jiko ndani, nikapitisha bomba kwenye tundu lake la zamani. Mzee akaja akiegemea fimbo.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Wewe ndiye umetengeneza?"

"Mimi."

Akaufungua mlango wa jiko na kuufunga mara tatu. "Wa lile la zamani ulikuwa unalia kama paka. Huu haulii."

"Kazi yangu hailii, mzee."

"Tutaona ikila kuni."

Mwanawe akamvua viatu, akamlaza, akamfunika mablanketi manne. Mzee akatazama juu kwenye turubai kwa muda, mikono juu ya kifua. Kisha akaanza kuniamrisha.

"Zile nyembamba kwanza. Sasa fungua hewa. Usibane, mpe moto nafasi. Wewe fundi wa bahari, hujawahi kuona kuni?"

"Nimeziona, mzee."

"Bwana wangu alikuwa akinisemesha hivyohivyo, kutoka hapa nilipolala." Na uso wake wote ukakunjuka kwa furaha.

Moto ukashika. Ukavuma. Naapa hakuna uzi mmoja wa moshi wa kuni uliotoka mlangoni wala kwenye maungio. Nje mvua ya mawe ilianza kupiga turubai, na ndani joto likaanza kutufika magotini. Nilikuwa nimeshafungua kinywa nijisifu.

Ndipo bati likaanza kutoa jasho. Tabaka zangu tatu, zile za nje, zikachemka, zikalia kama kitunguu kwenye kikaango, zikatoa moshi wa buluu mzito uliojaa hemani mara moja. Sijui nieleze vipi. Chukua maini ya papa yaliyokaa juani siku nne, yakaange, kisha jifungie nayo kabatini. Ulikuwa moshi wa mafuta, ukigusa ulimi unabaki. Mzee akakohoa, akakohoa tena, akajiinua kwa kiwiko, akatapikia mablanketi uji wote aliokunywa.

"Umepaka nini?" karani akauliza, keshambeba baba yake.

"Mafuta."

"Mafuta gani?"

"Ya papa."

"Ya samaki? Kitu cha kuwekwa moto umekipaka samaki?"

Nilikuwa ninatapika mimi pia. Wakakimbilia garini.

Nikafunga matambara mikononi, nikalikokota jiko nje na bomba lake na moto wake. Nikalijaza kuni mpaka bati likawa jekundu, mvua ya mawe ikinipiga kichwani, nikalisugua kwa jivu na jiwe, nikatema, nikasugua. Ulipotoka uvundo wa nje, ukaja wa bombani. Mafuta yaliyoyeyuka yalinitiririkia mikononi, meusi, yananata kama kamasi. Nilijichukia mimi, na mwalimu wangu, na papa wote walioko baharini. Baada ya saa mbili likawa safi. Nikalirudisha ndani, nikawasha upya, na likawaka vile nilivyoliona siku ile nimefumba macho. Hema likawa na joto zuri kabisa.

Lakini uvundo ulikuwa umeshaingia kwenye turubai, kwenye godoro na kwenye mablanketi.

Mzee alishuka garini, akaja mpaka mlangoni, akaingiza kichwa. Kifua kikamshika palepale.

"Harufu ya ngozi niliizoea," akasema alipoweza kusema. "Hii siiwezi." Akamgeukia mwanawe. "Nipeleke chini." Halafu akanitazama, mimi na mikono yangu. "Kuni umetia vizuri, fundi."

Jiko lilikuwa la moto, hema haliwezi kukunjwa, na gari lilikuwa halina nafasi ya mzee kulala na mimi kukaa. Karani akaniambia nibaki niangalie vitu, atanijia asubuhi. Hakunipa mkono.

Mzee yuko hai, kijijini kwao, na daktari amekataa kabisa apande tena. Karani nimempelekea salamu mara mbili, hajajibu. Lakini kinachonitia kinyaa kuliko mafuta yenyewe ni kwamba baridi ilikuwa kali na moto wangu ulikuwa mzuri, nami nikavua viatu, nikapanda kitandani kwa mzee, nikalala usingizi mtamu mpaka kulipokucha.