Kavindu na Wagonjwa Wasio na Mtu

Kavindu hakuwa mtu wa vikundi. Alihamia Mutuini kutoka Kitui, akafungua kibanda cha kushona nguo, akashughulika na yake. Aliyemtoa humo ni jirani yake Nyawira, Mama Wangui.

Nyawira alikuwa amemuuguza mamake hospitalini. Kwenye kitanda cha pili alilala mwanamke aliyepooza mikono, na kila mlo sahani yake ilirudishwa imejaa. Hakuwa na jamaa, na wauguzi walikuwa wachache. Mwanamke huyo alipokufa, Nyawira alipita nyumba kwa nyumba akikusanya wanawake. Tangu hapo, kila Jumanne na Ijumaa walienda kulisha wale wasiotembelewa, kuwachana nywele, kuwakata kucha. Kikundi hakikuwahi kupewa jina.

Miaka ikaenda. Wenzao wengine walirudi mashambani, wengine wakazikwa, mpaka wakabaki hao wawili, wakisaidiana kubeba chupa ya uji na kubishana kama ni mzito mno.

Mwaka jana, mvua za Aprili zikinyesha, Nyawira alipatwa na kiharusi. Akalazwa wodi ile ile. Bintiye Wangui, aliyefanya kazi Westlands, alikuja jioni. Mchana ulikuwa wa Kavindu.

"Mama Muasya," Nyawira alimwambia Kavindu siku moja, ulimi mzito, "yule wa dirishani amekula?"

"Achana na yeye. Kula wewe kwanza."

"Mimi niko na watu. Enda."

"Hata kitandani bado unatutuma?"

Nyawira alicheka kwa upande mmoja wa uso. Kavindu akaenda.

Yule wa dirishani alikula polepole mno, akimeza na kupumzika, akimeza na kupumzika. Kavindu alikuwa amempa rafiki yake mgongo. Aligeuzwa na mbio za wauguzi, akaona pazia likivutwa kuzunguka kitanda cha Nyawira. Alisimama pale, bakuli mkononi, hadi daktari akatoka akitikisa kichwa.

Baada ya mazishi Wangui alimwuliza Kavindu mamake alisema nini mwisho. Kavindu akamweleza yote, bila kuficha.

"Kwa hivyo hata siku hiyo mlienda kwa wagonjwa wa watu," Wangui alisema. "Tukiwa wadogo ilikuwa hivyo hivyo. Tunarudi kutoka shule, yeye hayuko."

Wangui alifuta macho, akaingia ndani kuosha vikombe vya waombolezaji.

Miezi mitatu Kavindu hakukanyaga hospitalini. Kisha Ijumaa moja alipika uji, akaenda peke yake. Kitanda cha Nyawira kilikuwa na msichana aliyevunjika mikono yote miwili. Kavindu alipoinua kijiko, macho yalimwendea dirishani, uji ukamwagika shukani.

"Pole, shosho," msichana alimwambia, kama kwa nyanya yake. "Unaumwa?"

"Naumwa, mama," Kavindu alijibu. Akapangusa shuka, akachota tena.